Tipa la volti 24: betri moja imevimba baada ya usiku wa baridi kali, naweza kujampu?

MzeeWaTipa

Wakuu, naomba msaada wa haraka. Gari limesimama na sitaki kuumiza mtu.

Ni tipa la dizeli la volti 24, lina betri mbili za volti 12, kila moja ampea-saa 180, zimekaa kwenye boksi ubavuni mwa chesisi. Ni zile za vizibo, maji unayaona, na zote zilifungwa siku moja. Tuko kwenye mradi wa barabara milimani, usiku baridi inafika nyuzi 12 chini ya sifuri. Juzi liliwaka kwa shida. Jana stata ilizunguka kwa uvivu mno. Leo inagonga mara moja, tak, basi. Taa za dashibodi zinawaka na mita inasoma 24 na pointi kidogo, kwa hiyo nikajua betri zina moto na mgonjwa ni stata.

Nilipofungua boksi nikakuta betri moja ubavu umetuna. Mwenzangu keshaleta lori lake na waya za kujampu. Mwingine anataka tuwashe kuni chini ya boksi, mwingine anachemsha maji ya kumwagia. Nimewazuia wote kwanza.

Naomba kujua: nijampu au nisijampu? Na kwa nini mita isome 24 halafu gari ligome?

FundiUmemeMzito

Usijampu. Na huyo wa kuni mwambie azime kabisa, asisogee na kiberiti karibu na hilo boksi. Umefanya vyema sana kusubiri.

Betri iliyotuna ubavu asubuhi ya baridi hiyo imeganda ndani. Tindikali imekuwa barafu, barafu imetanuka, imesukuma ganda. Ukiunganisha waya za lori jingine unalazimisha umeme mkubwa upite kwenye betri ambayo plati zake, yaani bati za risasi za ndani, huenda zimepinda na kugusana. Hapo kuna cheche ndani kwa ndani, na kuna hewa ya haidrojeni ambayo haina pa kutokea kwa sababu barafu imeziba njia. Haidrojeni inalipuka ikishafika asilimia 4 tu ya hewa. Ikipasuka, kinachoruka ni vipande vya plastiki pamoja na tindikali, na vinaruka usawa wa uso wa mtu aliyeinama kufunga klampu. Nimewahi kumuosha macho kijana wa gereji kwa hali hiyo. Kuona kwake kulirudi, lakini sauti yake siku ile sijaisahau, ndiyo maana naandika kwa ukali.

Maji ya moto nayo hapana. Ganda la plastiki lililokakamaa kwa baridi, ukilimwagia maji yanayochemka linapasuka papo hapo.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo chanzo cha yote. Watu wengi wanaamini baridi ndiyo inayogandisha betri. Baridi peke yake haiwezi. Betri iliyojaa chaji, tindikali yake ina uzito wa karibu 1.265 kwenye haidromita, kile kipimo cha uzito wa tindikali ukilinganisha na maji, na uzito huo hauwi barafu mpaka upite nyuzi 50 chini ya sifuri. Huko mliko hamfiki. Lakini betri inapoisha chaji, ile tindikali inaingia kwenye plati na kinachobaki kinakaribia kuwa maji. Ikishuka hadi 1.150 inaganda kwenye nyuzi 15 hivi chini ya sifuri. Ikifika 1.100 inaganda kwenye nyuzi 7 au 8 tu. Kwa hiyo betri yako moja ilikuwa tupu kabla ya usiku kuingia. Baridi imekuja kumalizia tu.

Na mita ya dashibodi imekuficha hilo kwa sababu inasoma betri zote mbili kwa pamoja, zimefuatana, yaani chanya ya moja imeungwa kwenye hasi ya nyingine. Jumla haikwambii nani amebeba na nani amebebwa. Chukua mita ya mkononi, pima kila betri peke yake, kuanzia kichwa chake cha chanya hadi kichwa chake cha hasi, swichi ya gari ikiwa imezimwa. Vaa miwani ya kazi na glavu za mpira, vua pete na saa. Usifungue nati yoyote kwanza. Niandikie namba mbili.

DadaWaTrela

Fundi amesema yote ya usalama, mimi naongeza ya kwetu sisi wa usukani, maana naendesha masafa ya baridi kila msimu.

Betri ikiwa imeganda lakini haijatuna wala kupasuka, inatolewa inapelekwa chumba chenye joto la kawaida na kuachwa iyeyuke yenyewe. Chukua siku nzima, usiharakishe. Iweke juu ya trei ya plastiki, kwa sababu ufa mwingine hauonekani mpaka barafu iyeyuke, ndipo tindikali inaanza kutiririka. Hiyo ya kwako iliyotuna haina matibabu, ni ya kwenda kwa wanaopokea betri chakavu. Usiitupe porini, ndani kuna risasi na tindikali.

Na msiinue mtu mmoja. Betri ya ampea-saa 180 ni kilo 40 na kitu, boksi lenyewe liko mahali pabaya pa kuinamia. Watu wawili na mkanda wa kubebea. Hasi ya chesisi inafunguliwa ya kwanza, halafu waya unaounganisha betri mbili, chanya mwisho. Kurudisha ni kinyume chake, hasi ya chesisi inafungwa ya mwisho kabisa. Sababu ni spana. Ukianza na chanya wakati hasi bado imefungwa, spana ikigusa bodi tu umepiga shoti ya ampea mamia, na cheche iko juu ya betri.

Kama gari lina tanki la AdBlue, ile dawa ya kusafisha moshi wa dizeli, subiri dakika chache baada ya kuzima injini kabla ya kukata swichi kuu ya betri. Mfumo unaendelea kunyonya ile dawa kutoka kwenye bomba irudi tanki. Ukikata mapema inabaki kwenye bomba, na AdBlue inaganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri. Kwa baridi ya huko kwenu utaamka na tatizo la pili.

Kitu kingine: kuna wanaopuliza etha, ile dawa ya kopo inayoshika moto haraka, kwenye bomba la hewa gari likigoma. Kama injini yako ina hita ya hewa kwenye njia ya kuingizia, au plagi za joto, usithubutu. Hita ikiwa nyekundu na etha ikipita hapo unapata mlipuko kwenye manifoldi.

MzeeWaTipa

Asanteni sana, Fundi na Dada. Lori la mwenzangu limeondoka, kuni zimezimwa.

Namba: betri ya nje 12.6. Hii iliyotuna 11.6. Jumla 24.2, ndiyo ile mita ya dashibodi ilikuwa inanionyesha.

Sielewi kitu kimoja. Zimefungwa siku moja, zinachajiwa na oltaneta moja, moja ijae na nyingine iwe tupu kwa vipi?

FundiUmemeMzito

12.6 ni betri iliyojaa. 12.2 ingekuwa nusu. 11.6 ni tupu kabisa, ndiyo hiyo ya 1.100 niliyokuwa nakueleza.

Naomba uangalie jambo moja kabla hatujaendelea. Fuata nyaya zote nyembamba zinazotoka kwenye ule waya mnene unaounganisha betri mbili. Je, kuna redio, chaja ya simu, taa ya kazi au redio ya mawasiliano ya volti 12 iliyochomekwa hapo katikati?

MzeeWaTipa

Ipo. Redio na chaja ya simu za vijana. Alifunga fundi mmoja kabla hatujahamia huku, akasema ni njia rahisi ya kupata volti 12.

FundiUmemeMzito

Basi tumempata.

Ukichukua volti 12 katikati ya betri mbili zilizofuatana, unakula betri moja tu, ile iliyo upande wa chesisi. Usiku mzima chaja na redio vinanyonya hapo, jirani yake hajaguswa. Asubuhi oltaneta inaona jumla. Inasukuma volti 28 na kitu kwa pamoja, na umeme uleule unapita kwenye zote mbili. Iliyojaa inajaa kupita kiasi, inachemka, inapunguza maji yake. Iliyoishiwa haifikii volti yake ya kujaa hata siku moja. Kila siku pengo linaongezeka. Kwenye joto ungeliona kama stata kulegea kidogo tu, na ungeendesha hivyo miezi. Kwenye baridi adhabu ni barafu.

Ondoa huo waya wa katikati. Nunua kigeuzi cha volti 24 kwenda 12, kifungwe kwenye betri zote mbili, kiwe na fyuzi yake karibu na betri. Nasema hili kila mahali na bado nakutana na nyaya za katikati kila mara. Fundi anayefunga hivyo anajua redio itawaka, hajui au hajali kitakachotokea baadaye.

Kuhusu betri: badilisha zote mbili, hata hiyo ya 12.6. Ina umri uleule na imekuwa ikichemshwa kila siku. Ukiichanganya na mpya unaanzisha pengo lingine. Zote mbili ziwe za aina moja, ukubwa mmoja, na ikiwezekana tarehe moja ya kutengenezwa. Angalia pia ampea za kuwashia kwenye baridi, zimeandikwa kwenye lebo. Namba hiyo inapimwa betri ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, ndiyo maana kwako ina maana kuliko ampea-saa. Usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Na ujue kwamba hata betri nzima iliyojaa, ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, hutoa karibu nusu tu ya nguvu inayotoa siku ya joto. Wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito na stata inadai zaidi. Kwa hiyo kila upotevu mdogo ambao mwezi uliopita haukukusumbua, huko unakusimamisha. Safisha vichwa vya betri na viatu vya nyaya hadi risasi ing'ae. Ule unga mweupe au wa kijani unyunyizie magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa kwenye maji, utatoa povu, kisha suuza. Vizibo viwe vimefungwa wakati huo, magadi yakiingia ndani yanaua tindikali. Kaza kwanza, paka grisi baada ya kukaza. Wengi wanapaka kwanza na kuweka utando kati ya metali na metali.

Halafu mtu aweke mita kuanzia kichwa cha chanya cha betri hadi skrubu kubwa ya stata wakati wewe unapiga stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya au kiungo kimechoka. Fanya hivyohivyo upande wa hasi, kuanzia kichwa cha hasi hadi bodi ya injini. Waya wa injini kwenda chesisi ndio unaosahaulika kuliko wote, na kwenye tipa unakaa palepale matope yanaporuka.

Juu ya betri pawe pakavu na safi. Vumbi likilowa tindikali linakuwa njia ya umeme kutoka kichwa kimoja kwenda kingine, na betri inajimaliza yenyewe gari likiwa limeegeshwa.

GredaLaZamani

Naomba kuingilia. Mimi nina greda ambalo linalala wiki kadhaa bila kazi wakati wa baridi. Nilikuwa naliwasha dakika kumi kila siku ili betri zisife. Ni sawa? Na kuhusu kuongeza maji, kuna wakati maalum?

FundiUmemeMzito

Dakika kumi za injini kunguruma polepole bila kazi hazirudishi hata kile stata ilichokula. Betri baridi haipokei chaji haraka, inapokea kwa shingo upande mpaka ipate joto. Unachofanya ni kuitoa kidogo kila siku huku ukidhani unaitunza. Na injini nayo inabaki na unyevu kwenye oili.

Greda la wiki kadhaa, kata swichi kuu, au toa betri. Zichaji kila moja peke yake kwa chaja ya volti 12 hadi haidromita isome sawa kwenye seli zote sita. Moto wa chaja uwe karibu sehemu moja ya kumi ya ampea-saa, yaani ya 180 uipe ampea 18 hivi. Mahali pawe na hewa inayopita, hakuna sigara, hakuna mashine ya kusaga chuma karibu. Na chaja izimwe ukutani kabla hujafunga klampu na kabla hujafungua klampu. Cheche ya klampu hulipua betri, maana inatokea wakati betri imetoka kuchemka na haidrojeni bado imetanda juu ya vizibo.

Ikishajaa haina shida kukaa kwenye baridi, tena inajimaliza polepole kuliko kwenye joto. Ile habari ya kwamba sakafu ya zege inanyonya betri usiisikilize, maganda ya plastiki ya sasa hayapitishi.

Haidromita isomwe kwa kuzingatia joto la tindikali. Imetengenezwa kusoma sawa kwenye nyuzi 27 hivi, na kwa kila nyuzi 5.5 chini ya hapo unapunguza 0.004. Kwenye baridi ya sifuri utasoma namba nzuri kuliko ukweli. Watu wanafurahi bure.

Maji: ongeza yale yaliyokenekwa tu, si ya bomba, na uongeze baada ya kuchaji, si kabla. Chaji inapandisha usawa wa maji, ukijaza kabla yatamwagika na tindikali yako. Isipokuwa plati zikiwa zimejitokeza juu, hapo weka kidogo ya kuzifunika kwanza. Na wakati wa baridi usijaze maji halafu ukaegesha. Maji ni mepesi kuliko tindikali, yanakaa juu bila kuchanganyika, yanaganda. Jaza, kisha liwashe lifanye kazi au rudisha kwenye chaja muda mfupi yachanganyike.

DadaWaTrela

Na siku ambayo kujampu kunafaa kweli, yaani betri haijaganda, imeishiwa tu: magari yote mawili yawe ya volti 24, usilete la volti 12 wala usijaribu nusu. Chanya kwa chanya kwanza, na kwenye gari lililolala uhakikishe ni ile chanya ya mwisho inayoenda kwenye stata, si ya katikati. Hasi ya gari zima, kisha ile klampu ya nne usiifunge kwenye betri, ifunge kwenye chuma kitupu cha injini au chesisi, mbali na boksi. Acha linalosaidia lizunguke dakika kadhaa kabla ya kupiga stata.

Unapopiga, kanyaga klachi, stata isizungushe na oili nzito ya giaboksi. Sekunde kumi na tano hivi, kisha pumzika dakika moja au mbili. Stata inaungua kwa kung'ang'ania.

MzeeWaTipa

Nimerudi na matokeo. Betri mbili mpya zimefungwa, waya wa katikati umetolewa, kigeuzi kimefungwa na fyuzi. Waya wa injini kwenda chesisi ulikuwa umebaki nyuzi chache, nimeweka mpya. Ile iliyotuna ilianza kuvuja ikiwa kwenye trei usiku, kama Dada alivyosema, imepelekwa kwa wa betri chakavu.

Leo asubuhi ilikuwa baridi ileile, limewaka mara moja. Injini ikizunguka napima 14.2 kwenye kila betri, jumla 28.4. Ni sawa au nipandishe?

FundiUmemeMzito

28.4 ni sawa, na kikubwa ni hizo 14.2 mbili zinazolingana. Usiguse regyuleta, kile kidhibiti cha volti za oltaneta. Baridi inataka volti zaidi kidogo, lakini ukipandisha kwa mkono utasahau kushusha mkirudi kwenye joto, na betri zitachemka.

Pima kila betri peke yake mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kuwasha. Zikipishana kwa zaidi ya volti 0.2, usilale bila kuzichaji moja moja, hasa kama usiku huo unatarajia baridi kupita nyuzi 10 chini ya sifuri.